Usiifunge tena hiyo sindano

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema injini ya ndege yako ya mfano inalia vizuri ikiwa chini, lakini ndege ikiinua pua tu, kimya. Ukaifunga kidogo sindano ya kabureta, ile inayopunguza au kuongeza mafuta, ukaifunga tena, na sasa unawaza kununua injini kubwa zaidi. Hebu ngoja kwanza.

Kosa limeanzia kwenye propela. Umefunga 10x8 kwenye injini ya 40, ile ya sentimita za ujazo 6.5, na ndege yenyewe ni ya kujifunzia, ina bawa nene na magurudumu yananing'inia. Hiyo 10 ni kipenyo kwa inchi. Hiyo 8 ni pichi, yaani umbali ambao propela ingesonga kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa skrubu inayozama kwenye ubao. Pichi kubwa ni kama kupanda mlima kwa gia ya nne: injini inahema, mwendo haupatikani. Tena ndege yako haihitaji mbio hizo. Piga hesabu ya pichi ya 6 kwa mizunguko 12,000 kwa dakika: ni takriban mita 30 kwa sekunde, au kilomita 110 kwa saa. Bawa lile litakataa kabla hujafika huko.

Rudi kwenye 10x6. Ukitaka ipande kwa nguvu zaidi, jaribu 11x5. Ila usiende 11x8 kwa tamaa! Kipenyo kinakula nguvu kuliko unavyodhani: kwa pichi ileile na mizunguko ileile, kutoka inchi 10 hadi 11 injini inadaiwa nguvu karibu nusu zaidi. Ndiyo maana ukiongeza kipenyo, unapunguza pichi. Na kabla hujaifunga, ipitishe kwenye msumari laini uone upande upi unashuka, uukwangue kwa msasa mpaka itulie. Mtikisiko hutia povu kwenye tangi, na injini haiwezi kunywa povu.

Sasa sindano. Simama nyuma ya propela, si mbele wala ubavuni, na ndege ishikwe na mtu. Fungua moto wote, kisha ubane mrija wa mafuta kwa vidole, chini ya sekunde moja, uachie. Sauti ikipanda kidogo halafu ikarudi, uko pazuri. Ikianguka papo hapo, injini ina njaa, ifungulie. Baadaye inyanyue ndege pua juu, uihesabie mpaka 10. Isipoyumba, ruka.

Najua unachokipenda: ile sauti kali ya mwisho kabisa. Mimi pia niliipenda, nikaua injini nzuri siku moja nikijionyesha mbele ya watu. Niliporuka, propela ikapunguziwa mzigo na hewa, mizunguko ikapanda, injini ikataka mafuta zaidi, na pua ilikuwa juu huku tangi likiwa chini. Mafuta hayakutosha. Na ujue kilainishi kimo humohumo ndani ya methanoli, yaani mafuta yenyewe, kwa hiyo injini ikikosa mafuta imekosa na oili. Nilipoifungua, pistoni ilikuwa na mikwaruzo kama imepitishwa kwenye changarawe. Tangu siku hiyo mizunguko ikishafika kileleni naifungulia sindano mpaka takometa, kile kipimo cha mizunguko, ishuke mizunguko 300 hivi, na nataka kuuona mkia wa moshi angani. Moshi ukitoweka, natua.

Plagi ya kuwashia usiiguse kwanza. Nitromethane, ile inayochanganywa kwenye mafuta kuongeza nguvu, ya asilimia 5 au 10 inakutosha, usidanganywe na ghali zaidi. Jioni ukimaliza, acha injini imalize mafuta yote ndani, udondoshee matone ya oili. Methanoli huvuta unyevu na beringi hazipendi kulala nao.

Ile 10x8 usiitupe. Nitumie mimi, nina injini ya 46 kwenye ndege ya bawa jembamba inayoisubiri.

Wako,
mwenzio wa uwanjani