Mafunzo ya trekta: njooni na nguo za kazi

Habari zenu wanakikundi. Safari hii mafunzo ya usalama hatufanyii darasani, tutakuwa kwenye trekta lenyewe. Mkulima akisikiliza tu, hatari anaijua lakini mkono unarudi kwenye mazoea. Akirudia kwa vitendo kuzima injini, kutoa ufunguo na kusubiri kila kitu kisimame kabla ya kugusa mashine palipoziba, ndipo tabia inabadilika. Shafti ya nyuma ya trekta, ile inayoendesha mashine iliyofungwa nyuma, kwa kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kila sekunde. Ikinasa mkono wa shati, hupati hata muda wa kupiga kelele! Tafadhali msije na nguo zinazoning'inia. Mwenye kifuniko cha shafti kilichopasuka akilete tukikague. Madereva wazoefu, nawaomba sana msikose; vijana huwaiga ninyi kuliko mkufunzi.