Malalamiko kuhusu matengenezo ya umeme wa boti yangu na dharau niliyofanyiwa mapokezi

Moshi

Kwa Meneja,
Karakana ya Boti na Injini,
Njiro, Arusha.

Ndugu Meneja,

Salaam. Ninakuandikia kwa heshima inayostahili ofisi yako, ingawa mimi sikuionja heshima hiyo nilipofika karakanani kwenu. Boti yangu ya faiba yenye injini ya nguvu za farasi 60, ambayo mlinikabidhi mkisema umeme wake umekwisha kutengenezwa, ilikataa kuwaka katika Bwawa la Nyumba ya Mungu nikiwa na wajukuu wangu ndani yake. Tangu hapo kila nikipiga simu ofisini kwenu naambiwa meneja hayupo, au meneja yuko kikaoni, au mama subiri utapigiwa. Sijapigiwa. Namba ya kazi mnayo, bili mliiandika kwa mkono wenu, na masharti ya waranti yenu mnayajua kuliko mimi, kwa hiyo sitayarudia hapa.

Tatizo nililowaletea lilikuwa moja. Ukizungusha ufunguo, selfu, yaani mota ya kuwashia injini, inagonga mara moja na kunyamaza, lakini taa za boti zinabaki na mwanga wake, zikififia kidogo tu. Yeyote aliyewahi kushika umeme wa volti 12 anajua dalili hiyo inaelekeza wapi. Betri ikiwa imechoka, taa nazo huzimia pale selfu inapovuta. Taa zikibaki zinawaka, maana yake umeme upo ila unapotelea njiani kabla ya kufika kwenye selfu. Kabla ya kuifunga boti kwenye tela na kuivuta kutoka Moshi hadi Njiro, niliipima mwenyewe kwa multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, na kuandika vipimo kwenye karatasi ya daftari, kwa mwandiko unaosomeka, kwa sababu nilifundisha fizikia sekondari mpaka nilipostaafu na sijui kuandika namba ovyo. Betri ikiwa imetulia ilisoma 12.7, yaani imejaa. Ufunguo ukiwa umezungushwa, kwenye vichwa vya betri ilisoma 11.6, na wakati huohuo kwenye selfu ilisoma 8.3 tu. Upande wa chanya ulipoteza volti 0.2. Upande wa hasi, kutoka bloku ya injini hadi kichwa cha betri, ulipoteza volti 3.1. Hesabu hiyo inajifunga yenyewe: 0.2 na 3.1 ni 3.3, tofauti ileile ya 11.6 na 8.3. Waya mzima wa hasi haupaswi kupoteza hata nusu volti selfu inapovuta; ukipoteza 3, basi waya au kichwa chake kimeliwa na kutu, na hakuna betri mpya duniani itakayoponya kutu ya waya. Boti hii ilikuwa ikitumika baharini Tanga kabla sijainunua, na chumvi hupenya chini ya ganda la waya wa shaba ikautafuna kwa ndani wakati nje unaonekana mzima. Hilo nalo niliandika chini ya karatasi, nikalipigia mstari kwa kalamu nyekundu.

Msimamizi wenu wa zamu, kijana aliyevaa ovaroli ya buluu, alikuwa ametoka kushika injini nyingine na mikono yake ilikuwa imejaa grisi. Nilimsalimu, nikampa karatasi, nikaanza kumweleza mstari ule wa mwisho. Hakuusoma. Alisema, "Mama, haya mambo ya umeme ni mazito, mlete baba tuongee naye." Nilipomjibu kwamba boti ni yangu mimi na nimeinunua kwa kiinua mgongo changu, aliikunja ile karatasi, akajifutia grisi mikononi, kisha akaitupa kwenye ndoo ya matambara. Wateja waliokaa kwenye benchi wakacheka.

Boti niliiacha, kwa sababu nilikuwa nimeivuta kutoka mbali na dereva wa gari la kuvutia alikuwa amekwisha kulipwa. Mliponiita kuichukua nilikuta mmefunga betri mpya ya shilingi 420,000 na selfu mpya ya shilingi 1,150,000, na ufundi mkaupiga shilingi 290,000, jumla shilingi 1,860,000. Betri yangu ya zamani na selfu yangu ya zamani vilibaki kwenu, na hakuna aliyeniuliza kama nimekubali viondolewe. Fundi aliwasha injini mbele yangu ikakubali. Ilikubali kwa sababu mguso ulioliwa na kutu hushika na kuachia. Leo utapitisha umeme wa kutosha, kesho ukipata mtikisiko na joto utagoma. Niliuliza kama walipima upotevu wa volti kwenye waya wa hasi, fundi akamtazama msimamizi, na msimamizi akasema injini si imewaka.

Asubuhi ile bwawani iliwaka kweli. Tulivuka, tukafunga boti ufukweni upande wa Mwanga, nikazima swichi kuu kama inavyopasa mtu akiondoka kwenye chombo, tukala chakula cha mchana. Tuliporudi maji yalikuwa yamejaa ndani hadi juu ya mbao za sakafu, kwa sababu mawimbi ya upepo wa alasiri yalikuwa yakipiga nyuma ya boti na pampu ya kutoa maji haikufanya kazi. Pampu hiyo ina swichi ya boya inayojiwasha maji yakipanda. Ilikuwa imeunganishwa moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi yake yenyewe, makusudi kabisa, ili ifanye kazi hata swichi kuu ikiwa imezimwa na hakuna mtu botini. Ninyi mlipofunga betri mpya mliuhamishia waya wake nyuma ya swichi kuu. Hamkuniambia. Tulichota maji kwa ndoo, tukasukuma boti kutoka ufukweni, nikazungusha ufunguo na selfu ikagonga mara moja na kunyamaza, mlio uleule niliowaletea Njiro. Upepo ulitusukuma kwenye maji marefu. Kamba ya dharura ya kuwashia injini kwa mkono haikuwepo, kwa maana ilikuwa ndani ya mfuko wa vifaa wa boti ambao pia ulibaki karakanani kwenu. Mjukuu wangu mdogo alianza kulia na nikawa namkaza mikanda ya jaketi okozi huku nikiwapungia mkono wavuvi. Ni wavuvi wa mtumbwi waliotuvuta, watu ambao hawakuniuliza baba yuko wapi.

Nilipowapigia simu jioni hiyo, sauti ya karakanani ilisema kwamba ikiwa maji yameingia botini basi waranti haihusiki. Maji yaliingia kwa sababu mliizima pampu yangu, Ndugu Meneja. Ninaomba sentensi hiyo uisome polepole.

Niliporudi Moshi nilimwita fundi umeme wa magari hapa mtaani Majengo, nikampa vipimo vilevile ambavyo bado ninavyo kwenye daftari, naye akaanzia pale nilipoonyesha. Alifungua bolti inayoshika waya wa hasi kwenye injini na kichwa cha waya kikabaki mkononi mwake, kikimwaga unga wa kijani. Alikata waya nyuma kidogo akitafuta shaba inayong'aa, akakata tena, akakuta weusi mtupu, ndipo akaufumua wote na kuweka mpya, wenye vichwa vilivyobanwa kwa koleo lake na kufunikwa kwa mpira unaonywea ukipashwa moto, na sehemu ya bloku ilipokaa kichwa akaisugua kwa msasa mpaka chuma kikaonekana. Tulipima tena: volti 0.2. Injini inawaka kwa mguso mmoja. Kazi yote, pamoja na waya, ilinigharimu shilingi 65,000.

Fundi huyohuyo ndiye aliyenionyesha kibebeo cha fyuzi ya pampu. Ndani yake hapakuwa na fyuzi. Palikuwa na nyuzi za shaba zilizosokotwa na kubanwa mahali pa fyuzi, na kiungo cha waya chini ya sakafu kilikuwa cha kusokota tu, kimezungushiwa tepu nyeusi iliyokwisha kulowa na kuachia. Fyuzi imewekwa ili ikatike yenyewe kabla waya haujashika moto. Tangi la petroli liko nyuma ya ubao huohuo. Mafundi wenu waliwapandisha watoto kwenye boti ya petroli isiyo na fyuzi, na nina picha za kila kitu nilichotaja, zilizopigwa kabla fundi hajagusa.

Kwa hayo nilikuwa nimekusudia kudai vitu viwili tu, yaani mnirudishie fedha za selfu na ufundi, na mnirejeshee selfu yangu, betri yangu na mfuko wangu wa vifaa. Lakini ninapoandika narudi tena pale mapokezi, na siwezi kupapita kwa haraka kama nilivyopapita huko juu.

Hakujifuta mara moja kama mtu aliyepitiwa. Alifuta kidole kimoja kimoja, akianza na gumba, akinitazama usoni. Alipokuwa akifika kidole cha mwisho niliiona namba yangu, ile 3.1 ya kalamu nyekundu, ikitokeza kwenye pindo la karatasi juu ya grisi nyeusi, na namba hiyo ndiyo ilikuwa jibu la tatizo lote. Alikuwa amelishika jibu mkononi akalifanya tambara. Na hakusema tu kwamba nimlete baba. Aliendelea, akiwageukia wateja, akasema, "Mama wa Kichaga na boti wapi na wapi, si ungenunua Noah upakie abiria?" Hapo ndipo benchi lilipocheka. Mzee mmoja aliinamisha uso kwa aibu ambayo haikuwa yake. Nimesimama mbele ya madarasa maisha yangu yote ya kazi, nimewafundisha watoto wa kiume na wa kike sheria ya Ohm ya umeme, ambayo kwayo kijana yule anakula mshahara wake, na sijawahi kumjibu mwanafunzi aliyekosea hesabu kwa namna niliyojibiwa mimi niliyepatia.

Kama angesoma, mngebadilisha waya mmoja. Nisingelipia selfu nisiyoihitaji. Pampu isingeguswa kwa kuwa pasingekuwa na haja ya kugusa betri. Kwa hiyo sitaki kuambiwa kwamba mapokezi ni jambo moja na ufundi ni jambo lingine. Maji yaliyoingia kwenye boti yangu yalianzia kwenye ile karatasi.

Sasa madai yangu ni haya. Mnirudishie shilingi 1,860,000 zote, na betri yenu njooni mwichukue wenyewe Moshi, ikiwa imejaa chaji kama mlivyoileta. Mnilipe shilingi 65,000 za fundi aliyefanya kazi yenu, pamoja na gharama ya kuvuta boti kutoka Moshi hadi Njiro na kurudi, ambayo stakabadhi yake nimeiambatanisha. Selfu yangu, betri yangu na mfuko wa vifaa wenye kamba ya dharura virudi kwangu kwa gari lenu, si kwa mimi kuvifuata. Msamaha nilitaka uwe wa maneno, lakini sasa nataka uwe wa maandishi, wenye sahihi yako na ya msimamizi huyo, na nakala ibandikwe mapokezi palepale alipojifutia mikono, mahali ambapo wateja wa benchi wataiona.

Ninawapa siku 14 tangu mnapopokea barua hii. Zikipita, malalamiko haya yatakwenda Tume ya Ushindani, kwa sababu Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji dhidi ya mambo kama haya, na picha za fyuzi ya waya zitakwenda TASAC, ambao usalama wa vyombo vya majini ni kazi yao na ambao bila shaka watapenda kujua ni boti ngapi nyingine zimetoka kwenye mikono hiyo. Mahakamani nitakwenda pia, na huko sitadai fedha za selfu peke yake. Na kwa kuwa nililipa shilingi 1,860,000 nikapewa karatasi iliyoandikwa kwa mkono bila risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, ingawa niliiomba na kuambiwa mashine ni mbovu, nitaipeleka karatasi hiyo Mamlaka ya Mapato (TRA) nao waulize mashine ilipona lini.

Tafadhali msinipigie simu tena kuniambia meneja yuko kikaoni. Nitapokea jibu la maandishi tu, lililotiwa sahihi na wewe mwenyewe, na lieleze tarehe ambayo gari lenu litafika.

Wako,
Mwenye boti, mteja wenu wa Moshi
(Mwalimu mstaafu)