Kabla ya kuchimba mabwawa ya pweza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala wa ufugaji wa pweza, ambao kila unapozuka hapa pwani huambatana na dai kwamba Wamarekani wameshawazalisha tangini, basi na sisi hatushindwi. Ni kweli wamewazalisha, lakini ni pweza yupi?

Mwaka 2021 watafiti wa Maabara ya Biolojia ya Bahari iliyoko Woods Hole, Massachusetts, walieleza kwamba wamepata vizazi vitatu mfululizo vya Octopus chierchiae, pweza wa milia kutoka pwani ya Pasifiki ya Amerika ya Kati, ambaye hata akikomaa kiwiliwili chake, ukiacha minyiri, ni cha sentimita mbili na nusu hivi. Jike wake hutaga mayai machache lakini makubwa, na tofauti na pweza wengi, hafi baada ya kuatamia bali huweza kutaga tena. Kifaranga wake huanguliwa akiwa pweza kamili, anayetambaa, kujificha ndani ya kombe tupu na kuwinda uduvi hai. Hata huyo ana usumbufu wake: hufugwa mmoja mmoja kwa sababu pweza hulana, mfuniko lazima ubane sawasawa, na mabomba ya shaba hayaruhusiwi kabisa, maana chembe ya shaba majini yatosha kumuua.

Pweza tunayemvua sisi, Octopus cyanea, ni habari nyingine. Jike hutaga maelfu kwa maelfu ya mayai, kila moja dogo kuliko punje ya mchele, akakaa pangoni kuyapepea maji na kuyasafisha bila kula, kisha akafa. Vifaranga huelea wiki kadhaa wakichukuliwa na mkondo kabla ya kutua mwambani, na ni katika kipindi hicho ambapo majaribio mengi ya kufuga pweza wa mayai madogo yamekwama, kwa kuwa ni vigumu mno kuwapatia chakula hai cha kuwatosha. Hata Octopus maya wa Yucatán, Mexico, ambaye hutajwa sana kuwa mfano wa mafanikio, ni wa mayai makubwa.

Tena pweza hula nyama. Kilo moja ya pweza hutaka kilo kadhaa za kaa, kamba na samaki, vitoweo ambavyo sisi wenyewe tunavigombania sokoni.

Kwa maoni yangu, fedha za majaribio zingefaa zaidi vijiji vya Kizimkazi na Pemba vinavyofunga miamba kwa miezi mitatu hivi ili pweza wakue, kwani huko vinahitajika boti za doria na mizani ya haki siku ya kufungua, si matangi. Anayetaka mabwawa, andiko lake lioneshe kwanza vifaranga wa pweza wetu waliovuka zile wiki za kuelea, na walilishwa nini.

Msomaji wako,
Unguja