Barua ya wazi kwa Msimamizi wa Hakimiliki: tuambieni kipi kina mwenyewe na kipi ni cha wote

Ndugu Msimamizi,

Salamu kutoka Tanga. Nafundisha Kiswahili sekondari, na kilichonisukuma kukuandikia ni Shaaban Robert.

Alizaliwa Vibambani, hapa hapa Tanga, mwaka 1909, akafariki mwaka 1962. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi maisha yake yote, kisha miaka 50 baada ya kifo chake. Piga hesabu: muda wake ulishapita tangu zaidi ya miaka 10 iliyopita. Mashairi aliyoyatunga kwa mkono wake sasa ni ya umma. Dibaji na maelezo ya wahariri wa matoleo mapya ni jambo jingine. Hayo yana wenyewe.

Lakini steshenari moja huku Ngamiani ilikataa kutoa nakala za shairi lake kwa ajili ya darasa langu, ikihofia kukamatwa. Na katika mtaa huo huo, mchana kweupe, watu wanajaziwa fleshi filamu na taarabu za wasanii walio hai, na msanii haambulii hata senti. Hili linaniuma. Tunaogopa pasipo na kosa, na penye wizi tunajiachia. Mwimbaji aliyelipa studio na wapiga ala kwa fedha ya mfukoni mwake anausikia wimbo wake kila kona, naye anadaiwa kodi ya nyumba.

Kuna na vijana wetu wa mitandaoni. Wanachukua filamu ya mtu, wanaikata vipande, kisha wanaandika chini kwamba ni "matumizi ya haki", wakidhani maneno hayo yamewakinga. Kanuni hiyo, ya kutumia kazi ya mtu bila ridhaa yake pale inapokuwa haki, wameitoa Marekani, kwenye sheria yao ya mwaka 1976, na hata huko mahakama hupima mambo manne kwanza, likiwemo la kama soko la mwenye kazi limeumia. Sheria yetu ina njia yake: inataja matumizi yanayoruhusiwa bila kuomba ridhaa, kama nakala ya matumizi binafsi, nukuu ya kiasi yenye kutaja chanzo, na mifano ya kufundishia. Nani aliwahi kuwaeleza hayo?

Ombi langu ni moja. Ofisi yako itoe orodha ya waandishi na watunzi wetu ambao muda wa ulinzi wa kazi zao umekwisha, pamoja na maelezo ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili cha mtaani, ya nini mwalimu anaruhusiwa kunakili na nini haruhusiwi. Ukurasa huo ubandikwe kwenye kila steshenari na kila ofisi ya walimu, kuanzia Tanga mjini hadi Muheza na Pangani. Maofisa wako wakija kukagua, waanzie kwa wanaojaza fleshi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwalimu wa Kiswahili, Tanga