Nyumba isiyokula umeme: gharama yake tunaipigaje hesabu

Wengi wakitupigia simu huanza na swali moja: "Nyumba ya vyumba vitatu ni shilingi ngapi?" Tungeweza kutaja bei ya mita ya mraba na mazungumzo yakaishia hapo. Lakini bei hiyo inahesabu siku za ujenzi tu. Miaka utakayoishi humo ukinunua Luku haimo.

Hapa Dar es Salaam kinachokula umeme wa nyumbani ni joto. Mwezi wa pili, ingia nyumba ya tofali za saruji ambayo ukuta wake mrefu unatazama magharibi. Saa tatu usiku weka kiganja kwenye plasta ya ndani. Utakuta bado ina uvuguvugu. Jua limeshazama kitambo, lakini ukuta unaendelea kumwaga chumbani joto ulilolinywa mchana kutwa. Mara nyingi chumba hicho ndicho cha kulala, na ndicho kinachofungwa AC.

Tupige hesabu. AC ya BTU 12,000 huvuta kama kilowati 1 kompresa inapofanya kazi. Kwa saa 8 za usiku, kompresa ikifanya kazi zaidi kidogo ya nusu ya muda huo, ni uniti 5 hivi (uniti moja ni kilowati 1 ikivutwa kwa saa nzima). Vyumba vitatu ni uniti 15 kwa usiku, 450 kwa mwezi. Feni za dari za wati 70, vyumba hivyo hivyo na saa hizo hizo, ni uniti 50 tu kwa mwezi. Tofauti ya uniti 400 izidishe kwa bei iliyo kwenye risiti yako ya Luku, kisha kwa miezi ya joto, kisha kwa miaka 10. Namba hiyo tunaiandika kwenye makadirio, kando ya gharama ya ujenzi, ili uzione zote mbili kabla hujachimba msingi.

Kipo kinachopunguza joto sana na hakina bei kabisa: namna nyumba inavyolala kiwanjani. Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, kuta fupi zipokee jua la asubuhi na la jioni. Jiko, choo na stoo vikae magharibi vikinge vyumba vya kulala. Madirisha ya kaskazini na kusini yanapokea upepo wa kaskazi na wa kusi pia, mradi kila chumba kiwe na pa kuingilia upepo na pa kutokea. Haya yote yanaamuliwa kwenye ramani. Tofali zikishapanda, hakuna fundi wa kuyarekebisha.

Halafu paa. Tunajua paa la kuficha, lile linalojificha nyuma ya ukuta uliopandishwa juu, linapendwa sasa, na tunalijenga kwa anayelitaka. Lakini lazima tuseme wazi: likijengwa bila upenu, linaacha kuta na madirisha uchi mbele ya jua na mvua. Chukua nyumba ya mita 14 kwa 10 yenye paa la kawaida la nyuzi 25. Ukiongeza upenu kutoka sentimita 60 hadi 90 pande zote, unaongeza mita za mraba 18 hivi za bati, na mbao zake. Paa zima linakuwa kubwa kwa chini ya asilimia 10, na kivuli kinabaki ukutani maisha yote ya nyumba. Bati la rangi ya krimu linarudisha jua kuliko jeusi, na kwa kawaida bei ni ile ile. Foili chini ya bati ina gharama yake, lakini inalipa. Fundi aache nafasi ya hewa katikati, isigandane na bati.

Kwenye madirisha watu hupunjika bila kujua. Dirisha la aluminiamu la kusukuma pembeni hufunguka nusu tu. Umelipia mita mbili, upepo unapita mita moja, na wavu wa mbu unapunguza tena. Tunakadiria ya kufunguka yote kwa vyumba vya kulala, na ya kusukuma kwingine.

Sola tunaiweka mwisho, nyumba ikishapoa, maana mahitaji yakipungua paneli nazo zinapungua. Kama hela haijatosha, tupitishe mabomba ya nyaya zake kabla ya plasta. Kuja kuchimbua ukuta baadaye ni gharama mara mbili.

Makadirio yetu huyaandaa mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa, kwa hatua: msingi, boma, kupaua, umaliziaji. Bei tunazichukua maduka ya karibu na kiwanja wiki hiyo hiyo, maana usafiri wa mchanga na kokoto peke yake unaweza kubadilisha namba. Tunaacha asilimia 10 ya dharura. Tafadhali usiile kwenye boma. Umaliziaji ndiko wengi wanakokwama.

Ukija ofisini njoo na ramani ya upimaji wa kiwanja na risiti zako za Luku za Desemba hadi Machi, hata kama umepanga. Kiwanjani tutakwenda mara mbili, asubuhi na saa kumi jioni. Ile safari ya jioni tungependa uwepo, usimame pale unapotaka kitanda chako kikae.