Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Magari ya Mchangani, Tanga

Ndugu wanachama, asalaam alaikum, na habari za mchana.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na wanachama wapya tumekwisha kuwakaribisha. Mimi naomba niseme kwa kirefu juu ya shokapu, vile vizuia mtikisiko vya gari, maana ndizo zilizotushughulisha karakanani mwaka mzima.

Mnaoendesha bagi zenu, magari yetu mepesi ya mchangani, huko Mwambani na kwenye njia za mashamba ya mkonge mnajua gari linavyoanza kurukaruka likishakimbizwa kwa muda. Wengi hulaumu springi. Tatizo liko ndani ya shokapu. Oili hupenya kwenye matundu ya pistoni, na washa, yaani visahani vyembamba vya chuma vilivyopangwa hapo, huibana. Mtikisiko unageuka joto. Oili ikipata moto na kuchanganyika na hewa hutoa povu, na povu halizuii kitu. Ndiyo maana shokapu nzuri hujazwa nitrojeni: mgandamizo wake hauruhusu mapovu, na ni gesi kavu, haiingizi unyevu.

Mwaka huu tumeanza kuzifungua wenyewe badala ya kuzitupa, na jambo hilo limenifurahisha mno. Mara nyingi kinachotakiwa ni sili mpya (mpira unaozuia oili isivuje), oili safi, na subira ya kurudisha washa kwa mpangilio uleule zilivyotoka. Ukizichanganya, gari litakuwa gumu pale linapotakiwa kulainika. Adui wetu ni chumvi. Fimbo ya shokapu ikishaliwa na kutu, hata kwa vijishimo ambavyo ni ukucha tu unaovihisi, itaikata sili mpya upesi. Ukitoka ufukweni, osha kwa maji ya bomba siku hiyohiyo.

Na hili nalisema kwa uzito wote: asifungue mtu shokapu yenye gesi kabla ya kuitoa gesi yote. Mgandamizo wake unaweza kufika psi 200, na kifuniko kikifyatuka kinaweza kuua. Vijana wa Ngamiani nimewaambia, nawaambia tena.

Kuhusu fremu, uchomeleaji wa nyumbani umepanda daraja; mabomba sasa yanakatwa yakakaa sawasawa kabla ya kuungwa. Lakini bado naona mabomba ya maji yenye zinki. Moshi wake huleta homa na kutetemeka saa chache baadaye, na bomba lenyewe halikutengenezwa kulinda kichwa cha mtu gari likipinduka. Kizimba cha kumkinga dereva kijengwe kwa bomba lisilo na mshono. Vijiti vya kuchomelea vya 7018 navyo hunyonya unyevu, na hewa ya Tanga mnaijua. Visipotunzwa pakavu penye joto, kiungo kinaweza kupasuka kwa ndani huku nje kinang'aa.

Kamati inaomba chama kinunue mtungi wa nitrojeni na regyuleta yake ya kudhibiti mgandamizo, uwe mali ya wote, usimamishwe na kufungwa mnyororo karakanani. Ombi hili tutalipigia kura mara tu mweka hazina atakapomaliza, nami nawaomba mliunge mkono.