Barua ya wazi kwa mdogo wangu: jeraha halijaua kila kitu

Mdogo wangu,

Nakujibu hadharani bila kukutaja, kwa sababu wanaume wenye swali lako ni wengi na karibu wote wananyamaza nalo.

Unasema tangu uumie mgongo, uume husimama nesi akibadilisha mpira wa mkojo, na wewe huhisi kitu wala hutamani mtu. Ukiwa na mkeo, unamtamani kwa moyo wote, lakini uume haushtuki. Umeamua kwamba uanaume umekwisha. Hapo sikubaliani nawe hata kidogo.

Uume husimama kwa njia mbili. Moja huanzia kichwani: unaona, unasikia, unawaza, na ubongo hushusha ujumbe ndani ya uti wa mgongo hadi sehemu ambazo madaktari huziandika T11 hadi L2 (T ni usawa wa kifua, L kiuno, S chini kabisa, na namba hupanda kadiri unavyoshuka). Njia ya pili haiungoji ubongo. Ngozi ya uume ikiguswa, neva hupeleka habari hadi ncha ya chini ya uti, S2 hadi S4, na jibu hutoka hapohapo. Miisho ya neva humwaga gesi iitwayo naitriki oksaidi, misuli laini hulegea, damu inajaa.

Jeraha lako liko T5, na limekata uti wote. Matamanio yako yanakwama juu yake, ila mzunguko wa chini haukuguswa. Tena kwa kawaida kuna ujumbe mwingi wa ubongo unaoshuka kuuzuia mzunguko huo, na kemikali ya neva iitwayo serotonini ni sehemu yake; kwako kizuizi hicho nacho kimekwama juu ya jeraha. Ni kwa sababu ya kizuizi hicho wanaotumia dawa za sonona zinazoongeza serotonini mara nyingi huchelewa kumwaga.

Kwa hiyo mweleze mkeo wazi: mguso utangulie, wa mkono wake au wako. Kusimama kunakotokana na mguso si kwa bandia. Kukiisha mapema, dawa kama sildenafili huwasaidia wengi wenye jeraha kama lako, kwa maelekezo ya daktari.

Kumwaga ni kugumu zaidi, maana sehemu kadhaa za uti lazima zifuatane. Neva za T10 hadi L2 hukusanya manii, kisha zile za S2 hadi S4 huikaza misuli ya chini ya nyonga kwa mapigo. Nani anazipanga? Mwaka 2002 watafiti William Truitt na Lique Coolen walionyesha kwamba panya dume wakiharibiwa kundi dogo la seli katika uti wa kiunoni, huendelea kupanda majike kama kawaida lakini hawamwagi. Kwa binadamu, ushahidi unaelekeza kwamba kundi kama hilo liko L3 hadi L5. Kwako huko kote ni chini ya jeraha! Ndiyo sababu kifaa cha kutetemesha kikiwekwa kwenye kichwa cha uume huweza kutoa manii kwa wanaume wengi walioumia juu ya T10. Mbegu zao mara nyingi huwa nyingi vya kutosha ila haziogelei vizuri, hivyo huenda mkahitaji msaada wa kitabibu kupata mtoto. Lakini mlango haujafungwa.

Jambo moja nakusihi. Aliyeumia T6 au juu yake anaweza kupandwa ghafla na shinikizo la damu wakati wa kuchochewa, hasa kwa kifaa hicho. Kichwa kinagonga, uso unawaka, jasho linatoka juu ya jeraha. Acha papo hapo, keti wima, legeza nguo, angalia kama mpira wa mkojo umeziba. Dalili zisipopungua, ita msaada wa dharura. Mara ya kwanza ijaribiwe hospitalini, shinikizo likipimwa. Na kama umepewa nitrogliserini kwa ajili ya hali hiyo, usiichanganye kamwe na sildenafili: shinikizo linaweza kuporomoka hadi kuua. Mwambie daktari dawa zako zote, hata zile unazoona haya kuzitaja, na uende na mkeo, maana suala la mtoto ni lenu wote wawili.

Kaka yako